Kudumu Katika Maombi Jibu Linapokawia

Mtu aliyeombea jambo moja kwa miaka kadhaa hana haja ya kuambiwa tena kwamba Mungu ni mwema, kwa kuwa hilo analijua, na ndilo hasa linalomuumiza. Anachokosa ni kitu kidogo zaidi: hajui aseme nini leo usiku atakapopiga magoti, maana maneno yote ameshayasema. Maelezo haya ni kwa ajili yake, nami nayaandika nikiwa miongoni mwa wanaongoja.

Anza kwa kuliandika ombi lako. Chukua daftari, weka tarehe, kisha uandike sentensi moja iliyo wazi kiasi kwamba siku likijibiwa utatambua. "Bwana, ibariki familia yangu" ni ombi jema, lakini ni vigumu kulingojea. "Bwana, nipatanishe na ndugu yangu" linakuonyesha pa kuelekeza macho. Kila baada ya miezi michache urudie ukurasa ule, uisome sentensi yako kwa sauti, na ukiona haisemi tena kile ambacho moyo wako unakitaka, andika nyingine chini yake bila kuifuta ya kwanza. Katika daftari langu kuna ombi moja lililoandikwa mara nne, kila mara kwa kalamu tofauti. La kwanza lilimtaka Mungu ambadilishe mtu fulani, la pili lilitaka mtu huyo aniombe radhi, la tatu lilitaka niweze kukaa naye chumba kimoja bila hasira, na la nne lina maneno mawili tu, "Utuhurumie sote." Jibu la sentensi ya kwanza sijalipata mpaka leo, lakini nisingejua kwamba ombi lenyewe lilikuwa likinyoshwa polepole kama nisingeliandika.

Tenga wakati maalumu wa kuomba na uwe mfupi. Dakika kumi unazozishika kila siku zitakufikisha mbali kuliko mkesha mmoja unaofuatwa na wiki tatu za ukimya.

Wengi husita kurudia ombi lile lile kwa sababu wanakumbuka katazo la Yesu la kupayuka-payuka katika Mathayo 6:7. Somo la mstari huo ni wale wanaodhani kwamba wingi wa maneno ndio unaomsukuma Mungu asikie, wala haukemei moyo unaorudi na mzigo wake. Yesu mwenyewe, kule Gethsemane, aliomba mara tatu, na Mathayo anasema wazi kwamba alisema maneno yale yale. Tena katika lugha ya Kiyunani, amri za "ombeni, tafuteni, bisheni" zimo katika hali ya kuendelea, kana kwamba anasema: endeleeni kuomba, endeleeni kutafuta, endeleeni kubisha. Kwa hiyo usijilazimishe kubuni maneno mapya kila siku. Maneno yaliyochakaa yanatosha, ilimradi ni yako.

Hata hivyo, yawe ya kweli. Hapa ndipo waombaji wengi wanapochoka, kwa sababu wanaendelea kusema "Asante, Bwana, najua umetenda" huku ndani wamejaa uchungu, na baada ya muda hawawezi tena kuyasikiliza maneno yao wenyewe. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi, kwani inaishia gizani bila neno la faraja mwishoni, na bado imo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Hana, aliyedhihakiwa mwaka baada ya mwaka kwa kukosa mtoto, aliomba kule Shilo midomo ikichezacheza bila sauti kusikika, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Alipojieleza, alisema kwamba ameimimina nafsi yake mbele za BWANA. Utaona kwamba aliondoka, akala chakula, na uso wake haukukunjamana tena, ingawa wakati huo mimba ilikuwa bado haijatungwa. Ukihisi umesahauliwa, basi mwambie Mungu hivyo, kwa maneno ya zaburi hizo ikiwa yako hayatoki.

Mfano wa mjane na kadhi dhalimu, katika Luka 18, husomwa mara nyingi kana kwamba Mungu anafanana na kadhi yule, na kwamba tukimsumbua vya kutosha atachoka na kutupatia tunachotaka. Yesu anasema kinyume chake: ikiwa hata mtu asiyemcha Mungu wala kumjali mwanadamu alimpatia mjane haki yake, si zaidi sana Mungu, anayewapenda wateule wake? Jambo la kuiga kwa mjane ni kule kurudi kwake. Hakuwa na fedha, hakuwa na mtu wa kumsemea, na alichokuwa nacho ni miguu yake na sentensi moja, "Nipatie haki na adui wangu." Nawe njoo hivyo, bila kutafuta la kumhonga Mungu. Akitokea mtu wa kukuambia kwamba ombi lako limekwama mpaka utoe sadaka fulani, usimsikilize.

Vivyo hivyo, usikubali haraka hukumu ya kwamba imani yako ni ndogo. Kujichunguza ni vema, na kama kuna dhambi unayoijua, itubu leo. Lakini usijichimbue kila usiku ukitafuta kosa ambalo halipo. Danieli aliomboleza siku 21, akijinyima chakula kitamu, nyama na divai, na mjumbe alipofika alimwambia kwamba maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza. Zakaria naye, baba yake Yohana Mbatizaji, aliambiwa dua yake imesikiwa wakati yeye na mkewe Elisabeti walikuwa wazee, na Injili ya Luka inayosimulia habari hiyo inawaita wenye haki.

Jiulize pia kama unachokiomba kinaweza kukataliwa kwa upande mmoja na kujibiwa kwa upande mwingine. Monika, mama yake Augustino, yule aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, alimlilia Mungu kwa miaka mingi ili mwanawe amgeukie Kristo. Mwaka 383, kijana huyo alipotaka kusafiri kwenda Roma, mama alimfuata hadi pwani ya Karthago akimsihi asiende. Augustino alimdanganya, naye mama akaukesha usiku ule katika kanisa dogo karibu na bandari, akiomba merikebu isiondoke. Asubuhi ilikuwa imekwisha kuondoka. Lakini safari ile ndiyo iliyomfikisha Milano, akamsikia Askofu Ambrosi akihubiri, akabatizwa naye mwaka 387. Augustino aliandika baadaye kwamba Mungu hakumpa mama yake alichokiomba usiku ule ili ampe kile alichokiomba siku zote. Ichukue daftari yako, basi, uulize chini ya kila ombi: ninachokitaka hasa ni nini?

Wakati mwingine jibu ni hapana. Paulo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee kile alichokiita mwiba katika mwili wake, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha," na mwiba ukabaki. Ukipata amani ya kuacha kuombea jambo fulani, huo si usaliti. Bila amani hiyo, endelea.

Na unapoendelea, tazama na utende. Nabii Eliya, akiombea mvua, aliinama kichwa kikiwa kati ya magoti yake, lakini alimtuma mtumishi wake akatazame upande wa bahari, na mara ya saba ndipo kikaonekana kiwingu kidogo kama mkono wa mtu. Anayeombea afya afuate matibabu na ameze dawa zake; anayeombea kazi apeleke barua za maombi. Kufanya hivyo ndiko kutazama upande wa bahari.

Mwisho, mtafute mtu mmoja anayelijua ombi lako kwa jina, awe mtu asiye na haraka ya kukupa maelezo. Zipo siku ambazo kinywa kitagoma kabisa. Siku hiyo sema maneno ya yule baba aliyemletea Yesu mwanawe amponye, katika Marko 9, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," kisha uzime taa. Na kama hata hayo hayatoki, mpigie mwenzako simu, umwombe ayaseme kwa niaba yako, nawe ulale.