Kupika maharage kwa makaa machache: kikapu cha joto

Mei 2023 serikali ya Uganda ilipiga marufuku biashara ya makaa kaskazini mwa nchi. Lakini marufuku haiivishi maharage, na mwenye njaa atanunua hata makaa ya magendo. Kikapu cha joto, yaani kikapu kilichojazwa majani makavu ili sufuria iliyochemka iendelee kuiva bila moto, hupunguza makaa bila kumnyima mtu chakula.

Tafuta kikapu kinachoacha nafasi ya sentimita 10 kila upande wa sufuria. Shindilia majani makavu ya migomba, chini kwanza, kisha pembeni. Shona na mto mnene wa kufunika juu. Majani mabichi hayafai: yakiwa na unyevu hupoteza joto, halafu huoza.

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mengine, chemsha kwa nguvu dakika 20. Usiharakishe hapa, hasa kwa maharage mekundu: sumu yake ya asili haivunjwi na joto la kikapu. Hamishia sufuria kikapuni upesi ikiwa na kifuniko, imejaa angalau theluthi mbili. Yenye chakula kidogo hupoa haraka. Usichungulie (watoto waonywe mapema). Baada ya saa 3 au 4, chemsha tena kabla ya kupakua.

Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu huweza kubaki magumu. Yarudishe motoni dakika 10, kisha kikapuni.