SOMO: Kuiamrisha tivii kwa sauti, na kwa nini rimoti yako "haisikii"

Wadau, swali la "nabonyeza maiki, tivii kimya" limeulizwa mpaka limechakaa. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Weka betri mpya, zote mbili kwa pamoja.

2. Unga tivii na intaneti.

3. Unganisha rimoti na tivii. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Rimoti nyingi za sauti zina njia mbili: kitufe cha kuwasha na vya kuongeza sauti mara nyingi hutumia mwanga wa infraredi, usiohitaji kuunganishwa na chochote; maiki hupitia Bluetooth. Ndiyo maana rimoti huzima tivii vizuri kabisa na bado maiki ikawa bubu. Kwa hiyo usiniambie "rimoti ni nzima, inaongeza sauti". Sogea karibu, tivii ikiwa imewaka, kisha:
– Fire TV: shikilia Home sekunde 10.
– Google TV: shikilia Back na Home pamoja mpaka taa imetemete.
– Samsung: Return na Play/Pause pamoja, sekunde 3 au zaidi.
– LG Magic Remote: bonyeza gurudumu la katikati.

ONYO: usiachie vitufe mapema. Na usikimbilie kurudisha tivii kwenye hali ya kiwandani! Utafuta programu na akaunti zote, halafu rimoti utaiunganisha upya vilevile.

4. Shikilia kitufe cha maiki, sema, achia. Usizibe kile kitundu kidogo kwa kidole. Sema kwa lugha iliyochaguliwa kwenye mipangilio.

MASWALI

Chapchap: Mkuu yangu haifanyi kazi, nisaidie.
— Tivii gani? Umekwama hatua ya ngapi?
Chapchap: Sijasoma, ndefu.
— Basi soma.

Mdadisi: Yangu inasikia, ila maneno yanakatika. Natumia kile kifaa cha kuchomeka nyuma ya tivii.
— Swali zuri. Bluetooth iko kwenye masafa ya GHz 2.4, na waifai nyingi zimejazana hapohapo. Tivii yenyewe nayo inakikinga kifaa. Kichomoze nje kwa waya mfupi wa HDMI, uhamishie waifai kwenye GHz 5. Diski ya USB 3.0 iliyo jirani nayo huvuruga, isogeze.

Bundi: Nikisema "zima", kifaa kinazima, tivii inabaki inawaka.
— Washa HDMI-CEC kwenye tivii, yaani mpangilio unaoruhusu kifaa kuiamrisha tivii kupitia waya wa HDMI. Samsung wanaiita Anynet+, LG SIMPLINK, Sony BRAVIA Sync.

Mdadisi: Nitajuaje kitufe kipi ni infraredi?
— Elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu, ubonyeze. Infraredi huonekana kama kataa ka zambarau. Kamera ya nyuma mara nyingi ina kichujio, utadhani rimoti imekufa.
Mdadisi: Nimejaribu. Cha sauti kinawaka, Home giza tupu!
— Home yako inapita Bluetooth. Rudi hatua ya 3.