Taa nne za sola kwa nyumba ya Tukuyu

Ukichukua hesabu ya sola iliyopigwa kwa ajili ya Dodoma ukaifunga Tukuyu, wilayani Rungwe, ukungu ukikaa siku mbili unarudi kwenye kibatari. Huku hesabu hupigwa kwa wiki mbaya.

Anza na taa. LED nne za wati 5, kila moja ikiwaka saa 5, zinakula wati-saa 100 kwa usiku. Balbu ya waya, ukoo wa ile ya Edison ya mwaka 1879, hupoteza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kwa joto. Moja tu ya wati 60 ingekula wati-saa 300. Paneli ndogo inatosha leo kwa sababu Wajapani walipata LED angavu ya buluu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bila buluu, LED nyeupe za majumbani zisingekuwepo.

Betri ya volti 12: gawa 100 kwa 12, upate amp-saa (kipimo cha ujazo wa betri) 8 na kitu. Weka akiba ya siku tatu, ni 25. Betri ya risasi isishuke chini ya nusu, kwa hiyo nunua ya amp-saa 50, na iwe ya sola. Ya gari ina sahani nyembamba za kuwashia injini. Ukiishusha kila usiku inakufa mapema.

Paneli ya wati 50 inalisha taa hizi, ila ya wati 80 ndiyo itakayojaza betri upesi ukungu ukiondoka. Ielekeze kaskazini, mwinamo digrii 10 hadi 15 ili mvua iioshe. Kivuli cha jani moja la mgomba hushusha umeme vibaya, kwani seli zimeungwa mfululizo. Na migomba ya Rungwe hairefuki polepole.

Penye kosa kubwa ni waya. Taa zote nne zikivuta amp 1.7 kupitia waya wa milimita za mraba 0.5, umbali wa mita 10, zaidi ya volti 1 inapotelea njiani, na taa za bei rahisi zinafifia. Tumia 1.5 kwa taa, 2.5 kutoka kwenye paneli. Fyuzi ya amp 10 ikae kwenye chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri: nyaya zikigusana, ndiyo inayozuia moto.

Kwenye kontrola, kifaa kinachosimamia umeme kati ya paneli, betri na taa, unganisha betri kwanza, kisha paneli, mwisho taa. Kufungua ni kinyume chake. Kontrola hujua volti za mfumo kutoka kwenye betri. Ukianza na paneli inaweza kuungua.

Jikoni, taa isikae juu ya mafiga. Joto huua LED, masizi huziba mwanga.

Pima betri alfajiri, taa zikiwa zimezimwa. Volti 12.6 imejaa. Ikisoma 12.1 imefika nusu: usiku huo washa ya jikoni na ya mezani wanaposomea watoto, basi.