Una ulemavu wa kutembea na unawaza oparesheni ya kupunguza tumbo? Anzia hapa

Jamani hili swali huku Kigoma linaulizwa kwa kunong'ona, na mtu akithubutu kuuliza anaambiwa "na hali yako hiyo urembo wa nini", achana nao. Kutaka umbo lako likae unavyopenda ni haki yako kama mtu mwingine yeyote, ila mwili unaotembelea magongo au kiti mwendo una hesabu zake na hizo ndo tuzipige kabla hujaanza kutafuta nauli.

Kunyonya mafuta sio kupunguza uzito, wanatoa mafuta ya chini ya ngozi sehemu fulani tu, yale ya ndani yanayozunguka utumbo hayaguswi. Kukata tumbo ni habari nyingine, wanatoa ngozi iliyolegea na kukaza misuli, unapigwa nusu kaputi na baada ya hapo kunyanyua vizito unakatazwa kama wiki 6 hivi.

Sasa hapo kwenye kunyanyua ndo penye kazi. Kesho ukiamka jiangalie unavyohama kitandani kwenda kwenye kiti: viganja vinakandamiza godoro, mabega yanapanda, tumbo linakaza, makalio yananyanyuka kidogo halafu unajisogeza. Mzigo mzito hapo ni mwili wako mwenyewe, na unaunyanyua kutwa nzima, chooni, bafuni, kupanda bajaji kwenda soko la Mwanga. Andika yote hayo kwenye karatasi na kila moja liwe na jina la mtu atakayekusaidia hizo wiki, sio "ndugu watakuwepo", jina. Kama choo ni cha kuchuchumaa tafuta kiti cha choo mapema maana tumbo lenye mshono halikubali kujikunja vile. Na wewe wa magongo ya kwapani ukitaka oparesheni ya kupunguza unene wa mikono, mshono unaweza kufika mpaka kwapani, gongo utaliweka wapi?

Mafuta ya makalioni kwa anayekaa kwenye kiti ndo yanayokinga mfupa usitoboe ngozi, yakinyonywa unajitafutia vidonda. Kuhamishia mafuta makalioni ndo kabisa, wiki za mwanzo huruhusiwi kuyakalia, na mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa yanakimbilia mapafuni na kuua. Kama unashinda kwenye kiti, mimi nasema hapana.

Kingine ni damu kuganda miguuni. Wenzetu wanaambiwa waamke watembee mapema, wewe usiyetembea muulize daktari mpango wako ni upi: soksi za kubana, sindano za kuzuia damu kuganda, nani atakuwa anakuchezesha miguu. Na kutoka Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 1,000, usipande basi siku chache baada ya kushonwa, panga pa kufikia huko huko mpaka daktari mwenyewe akuruhusu kusafiri.

Uliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu, kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, mwambie daktari wa usingizi mapema kabisa kwasababu presha inaweza kupanda ghafla hata kwa kibofu kujaa tu. Na kama huna hisia, ule mkanda wa kubana tumbo unaovalishwa baada ya oparesheni ukijikunja hutasikia, kwahiyo mtu aufungue aangalie ngozi asubuhi na jioni.

Vipimo vya presha, sukari na wingi wa damu anzia Maweni, hospitali ya mkoa hapa Kigoma, na uongee na mtu wa fiziotherapia akuone unavyohama. Hospitali ya Mloganzila pale Dar, ya Muhimbili, wanafanya hizi oparesheni, popote uendako hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari. Bima kwa kawaida hailipii urembo so weka bajeti ya msaidizi na malazi pia.

Na daktari akikupangia tarehe bila kukuuliza unahamaje kitandani kwenda kwenye kiti, tafuta mwingine.