Jinsi ya Kuandika Habari za Askari wa Mkoloni Aliyegeuka Mpigania Uhuru

Anayeandika habari za askari aliyelitumikia jeshi la mkoloni, kisha akasimama na wapigania uhuru, hushawishika kutafuta siku moja ya kugeuka kwake. Usianze hapo. Mara nyingi siku hiyo haipo, na ukiilazimisha utaipoteza miaka iliyomgeuza. Nitaonyesha njia kwa habari za Waruhiu Itote wa Nyeri, koplo wa Keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari Waafrika wa Afrika Mashariki, ambaye baadaye alijulikana msituni kama Jenerali China.

Panga kwanza miaka yake. Itote alizaliwa 1922, akapigana na Wajapani huko Burma, na baada ya vita kwisha 1945 akarudi Kenya, ambako alipata kazi ya kuchochea makaa kwenye garimoshi. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, alikuwa miongoni mwa viongozi wa Mau Mau, na ndiye aliyewaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya. Hiyo miaka saba ya katikati ndiyo itakayokupa kazi kubwa. Uliza alikuta nini nyumbani. Alikuta kipande, kile cheti ambacho mwanamume Mwafrika alikibeba ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni, na ambacho bila hicho angeweza kukamatwa njiani, hata kama juzi tu alikuwa amebeba bunduki ya Mfalme. Alikuta pia askari wazungu wa vita vile vile wakipewa mashamba katika nyanda za juu, ilhali Waafrika walikuwa wakibanana katika maeneo waliyotengewa. Mambo haya yaandike kwa utulivu, moja baada ya jingine, nayo yatamweleza kuliko hotuba yoyote utakayomtungia.

Kisha pima maneno yako. Majalada ya serikali yanamwita gaidi. Wenzake walimwita Jenerali. Hata neno "kuasi" lina mwenyewe, kwa sababu linachukulia kwamba utii ulikuwa haki ya mkoloni. Mimi huandika kile alichofanya, na anapotajwa kwa jina la sifa au la lawama, humtaja pia aliyelitoa.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni kumbukumbu za mahojiano. Itote alikamatwa Januari 1954 akiwa na majeraha ya risasi, akahojiwa kwa muda mrefu na makachero, akahukumiwa kunyongwa, kisha akaponea kitanzi baada ya kukubali kuwaandikia viongozi wenzake wa msituni ili wazungumze na serikali. Mazungumzo hayo yalivunjika mwaka huo huo. Wako wanaosema kwamba hapo aligeuka mara ya pili. Kabla hujaliandika neno hilo, kumbuka kwamba kila alichosema kiliandikwa na adui yake, naye mwenyewe akiwa majeruhi aliyekikabili kifo. Yasome mahojiano hayo sambamba na kumbukumbu zake zilizochapishwa 1967, ambazo nazo zina haja zao, kwa kuwa aliziandika akiwa mtu huru katika nchi iliyokwisha kupata uhuru. Zinapotofautiana, mwonyeshe msomaji tofauti yenyewe badala ya kuchagua toleo linalokupendeza.

Kwa nyaraka, anza na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa mjini Nairobi. Usisahau majalada yaliyosafirishwa kwenda Uingereza wakati wa uhuru, ambayo serikali yake ilikiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa imeyaweka Hanslope Park, kituo chake cha huko Uingereza.

Ukiandika habari za askari wa kijijini kwenu, utazungumza zaidi na wajane na watoto, kwa maana waliorudi kutoka Burma karibu wote wametangulia mbele ya haki. Usiulize, "Alihama upande lini?" Uliza, "Mama, mzee aliporudi na viatu vya jeshi, alivivaa kwenda wapi?" Swali la namna hiyo hufungua mlango. Mazungumzo yakifika kwenye kiapo cha Mau Mau naye akanyamaza, funga daftari, maliza chai yako, na uombe ruhusa ya kurudi siku nyingine.