SOMO: Sloti ni nini, na namna ya kupachika RAM bila kuua mazabodi

Wakuu, neno sloti limezagaa kila mahali: mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), simu, gemu, mpaka kwenye uandishi wa programu. Kiini chake ni kimoja: nafasi iliyotengwa mapema, inayosubiri kitu cha umbo lake. Nitakaa zaidi kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), maana huko kosa dogo linagharimu kifaa.

Hatua ya 1. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe. Gusa chuma tupu cha kasha kabla hujashika RAM.

Hatua ya 2. Hakikisha aina. DDR4 na DDR5 (vizazi viwili vya RAM) za kompyuta ya mezani zote zina pini 288, na kwa haraka utadhani ni mapacha. Tofauti ipo kwenye kale kapengo katikati ya pini: kila kizazi kina mahali pake. Lilaze pengo juu ya kijino cha sloti. Visipolingana, geuza RAM ujaribu tena. Vikigoma bado, hiyo si yake. Usilazimishe hata kidogo. Nililazimisha siku moja nikiwa najifunza, kijino kikavunjika, na sloti ile haikutumika tena.

Hatua ya 3. Kama una RAM mbili na sloti nne, usizibananishe. Kwenye bodi nyingi zinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa (ubongo wa kompyuta), ili chaneli mbili, yaani njia za data kati ya RAM na prosesa, zifanye kazi pamoja. Thibitisha kwenye kitabu cha bodi yako.

Hatua ya 4. Fungua vishikio, kandamiza kwa vidole gumba pande zote mbili kwa nguvu sawa mpaka usikie "ka!" na kishikio kijifunge chenyewe.

Kadi za PCI Express (za ziada kama kadi ya picha; namba baada ya x ni idadi ya njia za data) zina uungwana zaidi: kadi ya x1 inaingia kwenye sloti ya x16 na kufanya kazi bila shida.

MASWALI

— Mkuu, SSD yangu (diski ya kuhifadhi data) ya M.2 imeingia vizuri lakini haionekani. Tatizo nini?
M.2 ni umbo tu, ndugu. Ndani yake kuna SSD za SATA na za NVMe (njia mbili tofauti za kuwasiliana na kompyuta), na sloti nyingine hupokea aina moja pekee. Angalia sloti yako inakubali ipi.

— Simu yangu inaandika "sloti A" na "sloti B". Ni za laini?
Hapana. Hizo ni nakala mbili za mfumo wa Android. Wewe ukitumia A, sasisho linaandikwa B. Likifeli kuwaka, simu inarudi A.

— Mwalimu, kwenye uandishi wa programu, sloti ya Qt na ya Vue (zana mbili za kutengenezea programu) ni kitu kimoja?
Zinafanana jina tu. Kwenye Qt, sloti ni funksheni inayoitikia ishara, mfano kitufe kikibonyezwa. Kwenye Vue ni pengo ulilowacha ndani ya komponenti (kipande cha ukurasa) ili anayeitumia apachike maudhui yake.