Kumpiga picha Mfilipina nje ya kivuli cha Maria Clara

Maria Clara ni mhusika wa riwaya ya José Rizal, Noli Me Tangere, iliyochapwa Berlin mwaka 1887: binti mpole wa padri Mhispania, ambaye mwishowe anaingia utawani. Jina lake likawa kipimo cha mwanamke mwema Ufilipino, hata vazi likaitwa kwa jina hilo. Wamarekani walipoitwaa nchi, kamera za watawala kama Dean Worcester zikawapanga wanawake wa milimani, vifua wazi, kama vielelezo vya "ushenzi". Huyu kafunikwa, yule kafunuliwa, na uamuzi haukuwa wao. Kwa hiyo kabla ya kugusa kamera, mwulize unayempiga picha nini kionekane na nini kisionekane.

Vazi la Maria Clara lina vipande vinne: camisa (blauzi), saya (sketi), tapis inayofungwa juu ya sketi mithili ya kanga, na pañuelo, mtandio wa mabegani. Camisa ya piña, kitambaa cha nyuzi za majani ya nanasi, huonyesha mwili. Pañuelo ndiyo iliyoleta stara. Basi ifanye kiini cha kazi. Piga kwanza ikiwa imebanwa kwa pini kifuani, kisha mwenyewe ailegeze, kisha aishike mkononi. Usiishike wewe. Mvuto unatoka kwenye vidole vyake na macho yanayoitazama lenzi. Ukimwambia "tazama chini" umemrudisha Maria Clara.

Usafirishapo, jaza karatasi laini ndani ya mikono ya camisa na uilaze bila kuikunja. Nyuzi za piña ni kavu na hukatika penye mkunjo, na pasi haizirudishi.

Mkalishe mita 1 kutoka dirisha lenye pazia jepesi, mwanga umjie kwa pembeni. Lenzi ya milimita 85, wewe mita 2 na nusu hivi kutoka kwake, tundu la lenzi f/4, kasi 1/125 ya sekunde, ISO (kipimo cha kamera kuhisi mwanga) 400, uanzie hapo. Kosa la kawaida: kamera huona weupe wa kitambaa, ikapunguza mwanga, uso ukawa giza. Pima mwanga shavuni peke yake, kisha kagua kama mikono ya camisa imeungua, yaani imekuwa nyeupe tupu bila nyuzi kuonekana. Ikiungua, mzungushe bega mbali na dirisha badala ya kuutia uso giza. Ili nyuzi zing'ae, weka taa ndogo nyuma ya bega, dhaifu kuliko dirisha.

Ukigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, jihadhari na programu za kuiga picha za kale. Sahani za kioo zilizopigia picha karne ya 19 zilihisi zaidi mwanga wa buluu, ndiyo maana ngozi ya kahawia ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Pandisha kidogo nyekundu na chungwa, taratibu, mpaka rangi yake halisi irudi. Ukizidisha unamchubua, na weupe ulikuwa sehemu ya kipimo kile kile cha kikoloni. Kovu na michirizi viache.

Kabla hajavua vazi, mwonyeshe picha zote. Anazozikataa zifute mbele yake.